Mahali Panapogeuka Ubini

Msafiri aondokaye Kesses alfajiri kwenda Nairobi, akapanda mlima wa Timboroa na kuteremkia bonde la Nakuru, hukutana katika safari yake na majina mawili ambayo masikio yetu yameyazoea hata yamekuwa kama majina ya wenyeji: Egerton, ambalo ni jina la chuo kikuu kilicho Njoro, na Delamere, lililo kando ya barabara ya Naivasha, mahali ambapo mabasi na matatu husimama ili abiria wapumzike na kununua maziwa. Wachache kati ya wapitao hapo hujiuliza majina hayo yalitoka wapi, na wachache zaidi ndio wajuao ya kuwa yote mawili, kabla ya kuwa majina ya watu, yalikuwa majina ya ardhi, na kwamba ardhi hizo zimo katika jimbo moja la Uingereza liitwalo Cheshire, kwenye mpaka wa Wales. Nia yangu katika safu hii ni kueleza jinsi jina la mahali linavyoondoka ardhini likamkalia mtu, kisha likatoka kwa mtu mmoja likaikalia aila nzima, na hatimaye likabaki likitajwa ilhali habari iliyolizaa imekwisha sahauliwa. Nia yangu nyingine ni kuthibitisha ya kuwa sisi wa Uasin Gishu tumo leo katika hatua ile ile waliyokuwamo Waingereza yapata miaka mia sita iliyopita, tukiwa na fursa ambayo wao hawakuipata.

Ni lazima kwanza ifahamike ya kuwa Mwingereza wa kale hakuwa na ubini. Aliitwa kwa jina moja tu, nalo lilimtosha maadamu watu wa kijiji chake walikuwa wachache na wote wakifahamiana. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, mabwana wapya waliogawiwa mashamba walikuja na desturi ya kujiita kwa milki zao, wakitanguliza neno la Kifaransa lenye maana ya "wa", na katika kitabu kikubwa cha hesabu ya ardhi kilichoandikwa mwaka 1086, kiitwacho Domesday, lakabu za namna hiyo zimejaa tele. Kwa muda wa karne tatu zilizofuata, lakabu hizo zilishuka daraja kwa daraja, kutoka kwa kabaila hadi kwa mfanyabiashara wa mjini, na kutoka kwa mfanyabiashara hadi kwa mkulima, na zikachimbuka katika visima vinne: jina la baba, kazi ya mtu, sifa ya mwili au tabia yake, na mahali.

Kisima hiki cha nne ndicho chenye maji mengi kuliko vingine, nacho kina mikondo miwili ambayo haifai kuchanganywa. Mkondo wa kwanza ni wa watu walioitwa kwa alama iliyokuwa karibu na nyumba zao: aliyekaa penye kivuko cha mto akawa Ford, aliyekaa chini ya kilima akawa Underhill, aliyekaa msituni akawa Attwood, na aliyekaa au kufanya kazi kwenye maghala ya nafaka akawa Barnes. Mkondo wa pili ni wa watu walioitwa kwa jina kamili la kijiji au mji, na humo ndimo yalimotoka majina kama York, Lincoln, Egerton na Cholmondeley. Majina ya mkondo wa kwanza aghalabu hayaonyeshi sehemu moja ya nchi, kwa kuwa vilima na vivuko viko kila mahali. Bali majina ya mkondo wa pili yanaelekeza kidole mahali pamoja, au pachache, na kwa hiyo ndiyo yanayofuatiliwa kwa bidii na wachunguzi wa nasaba.

Juu ya mkondo huu wa pili iko kanuni moja ambayo mtu akiishika atayafahamu mengi. Mtu haitwi kwa jina la mji wake akiwa angali anaishi katika mji huo, kwa sababu jina hilo lisingemtenga na jirani yake. Wote waliomo York ni watu wa York. Huitwa hivyo kwa mojawapo ya sababu mbili: ama yeye ndiye bwana wa mahali hapo, na watu wengine wote ni wapangaji wake, ama amepahama, na wageni anaokaa kwao wanamtambua kwa huko alikotoka. Ubini wa mahali, basi, ni ushahidi wa kumiliki au ni ushahidi wa kuhama, na mara nyingi watu wa baadaye wameuchukua ule wa pili wakaudhani kuwa ni ule wa kwanza, wakajivunia milki ambayo babu yao alipata kuiona kwa macho tu.

Mfano wa kumiliki tunao karibu nasi. Katika Cheshire kuna kijiji kiitwacho Cholmondeley, jina ambalo, licha ya urefu wake, Waingereza hulitamka kwa silabi mbili tu, kiasi cha "Chamli". Asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza cha kale: Ceolmund, jina la mwanamume, na neno lenye maana ya uwazi uliofyekwa msituni, yaani ni uwazi wa Ceolmund. Jirani na kijiji hicho kipo kingine kiitwacho Egerton, ambacho mwisho wa jina lake ni neno lenye maana ya shamba au makazi, na mwanzo wake ni jina la mtu aliyekuwa mwenye shamba hilo. Mabwana wa Malpas, mji ulio karibu na hapo, walikuwa na mashamba mengi, na katika nasaba zao imepokewa ya kuwa Robert, mwana mdogo wa William le Belward, alipogawiwa shamba la Cholmondeley alijiita kwa jina la shamba hilo, na kwamba tawi jingine la jamaa hiyo hiyo, lilipopata shamba la Egerton, likajiita Egerton. Damu ilikuwa moja, lakini kwa kuwa jina lilifuata ardhi wala halikufuata damu, jamaa ikagawanyika katika koo mbili ambazo mgeni hawezi kuzitambua kuwa ni ndugu.

Hayo yanatosha kuonyesha ya kuwa ubini wa mahali si kioo cha nasaba, na yaliyotukia baadaye yalizidi kulidhihirisha jambo hilo. Mwaka 1780 alikufa Samuel Egerton, mwenye milki ya Tatton, bila ya mrithi wa kiume, na milki yake ikamwendea dada yake, Hester, ambaye alikuwa ameolewa na William Tatton; na ili mali na jina visitengane, mtoto wao wa kiume aliuacha ubini wa baba yake akachukua ule wa mama, akawa Egerton. Maurice Egerton, aliyekuja Kenya na kufanya makao Njoro, ambaye mwaka 1939 alianzisha pale shule ya kilimo iliyokua kidogo kidogo ikawa chuo na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu, ni wa kizazi hicho. Kwa upande wa baba zake yeye ni Tatton, kwa upande wa jina ni Egerton, na majina yote mawili ni ya vijiji. Amtafutaye mtu huyu kwa kufuata jina tu atapotea njia katika mwaka 1780, na amtafutaye kwa kufuata shamba atamwona.

Delamere nalo lina historia yake. Hili si ubini wa ukoo unaolibeba, ingawa sisi tumelizoea hivyo. Ni lakabu ya heshima waliyopewa Cholmondeley wa tawi la Vale Royal mwaka 1821, pale Thomas Cholmondeley alipofanywa kuwa lodi. Alilichagua kutoka msitu wa Delamere ulio katika jimbo lake, na msitu huo uliitwa hivyo kwa ajili ya maziwa madogo yaliyotapakaa ndani yake, kwa kuwa neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya ziwa au bwawa lilivikwa viungo vya Kifaransa, likawa "wa ziwani". Laiti makarani wa Kinormandi wangalifika Kesses wakamkuta mkulima aliyejenga ukingoni mwa bwawa letu, wangalimwandika kwa neno hilo hilo bila ya kusita, na leo tungalikuwa na akina Delamere waliozaliwa hapa.

Hugh Cholmondeley, lodi wa tatu mwenye lakabu hiyo, aliyezaliwa mwaka 1870, alifika katika nyanda za juu za nchi yetu mwaka 1897 akitokea upande wa Somalia, na mwaka 1903 akarudi kukaa. Alipewa na serikali ya kikoloni ekari 100,000 huko Njoro, kisha akapata shamba la Soysambu kando ya ziwa Elmenteita, na mpaka kufa kwake mwaka 1931 alikuwa kiongozi wa walowezi. Ardhi hizo hazikuwa tupu wala hazikukosa majina. Mapatano ya mwaka 1904 yaliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa ili kuwapisha walowezi, na pamoja na watu yakaondoka majina mengi ya visima, malisho na vivuko ambayo watu hao walikuwa wakiyatumia kuelezana njia. Ndipo jina la msitu wa Cheshire likapandwa katika bonde ambalo halikuwa lake. Barabara kuu ya Nairobi ikaitwa Delamere, sanamu yake ikasimamishwa hapo, na nchi ilipopata uhuru sanamu ikaondolewa na barabara ikaitwa Kenyatta. Hata hivyo jina lenyewe halikuondoka nchini, maana lilikuwa limekwisha pata makao katika vinywa vya wasafiri.

Hapa kwetu Uasin Gishu mambo yalikwenda kwa namna nyingine. Nchi yenyewe inaitwa kwa jina la taifa moja la Wamaasai lililoishi humo kabla ya vita vya karne ya 19 kulivunja. Na serikali ilipoipima kwa ajili ya walowezi, wakiwamo Makaburu waliokuja na msafara wa Jansen van Rensburg mwaka 1908, iliyapa mashamba nambari. Penye shamba nambari 64 ndipo palipoanza mji wetu, na wazee hata leo huuita Sisibo, yaani ile 64 ya Kiingereza ikitamkwa kwa ulimi wa hapa, ingawa mwaka 1912 ulipewa jina rasmi la Eldoret, ambalo asili yake ni neno la Kimaasai la mto wenye mawe. Palipokuwa na mto na mawe mpimaji aliona hesabu tu, na wenyeji, kwa hekima yao, waliichukua hata hiyo hesabu wakaifanya jina la mahali.

Tukiteremka pwani, tutakuta ya kuwa Waswahili walikuwa na elimu ya majina haya kabla Mwingereza hajatia nanga. Kwa Waarabu iko nisba, yaani jina linalomfungamanisha mtu na kabila, mji au nchi, na wanavyuoni wa upwa wetu wameitumia kwa usahihi mkubwa. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyezaliwa mwaka 1847 na kuuawa mwaka 1909, ambaye alieneza tarika ya Qadiriyya mpaka Unguja na bara, aliitwa al-Barawi kwa kuwa Barawa ndiko kwao. Na nisba hiyo ilikuwa na faida hasa alipokuwa nje ya Barawa, sawasawa na ile kanuni ya York. Mombasa nayo ilikuwa na taifa zake 12, Tisa Taifa na Thelatha Taifa, ambazo nyingi zinaitwa kwa mahali: Wakilifi, Wamtwapa, Wapate, Washaka, Wafaza, Wajomvu, Wachangamwe, Wakilindini. Mkilifi wa Mji wa Kale ni mtu wa Mombasa, ambaye taifa lake linakumbuka ya kuwa wazee wake walitoka Kilifi; na kwa kuwa kila taifa lilikuwa na wazee wake na mahali pake katika shauri la mji, kumbukumbu hiyo haikuachwa ielee peke yake, bali ilikuwa na walinzi.

Lakini pwani inatufundisha pia ya kuwa jina la mahali laweza kubandikwa juu ya mtu na mikono ya wengine. Sidi Mubarak, mzaliwa wa Uyao wa yapata mwaka 1820, alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akavushwa bahari hadi India, na bwana wake alipokufa akawa huru akarudi Unguja. Huko ndiko wasafiri wa Kizungu walikomkuta, naye akawaongoza Burton na Speke katika safari yao iliyoanza mwaka 1857, kisha Stanley mwaka 1871, na dunia ikamjua kwa jina la Bombay, mji wa India, nchi ya utumwa wake, wala si kwa jina la kijiji alichozaliwa. Alikufa mwaka 1885 akiwa na jina hilo. Na tuangalie Washirazi: jina la mji wa Uajemi lilichukuliwa na watu wengi wa visiwani na mwambao kuwa alama ya ukale wao katika nchi, mpaka mwaka 1957 likaingia katika jina la chama cha siasa cha Unguja, Afro-Shirazi, ilhali waliolibeba kwa wingi wao walikuwa ni watu wa pwani hii, waliozaliwa na kuzikwa hapa. Jina kama hilo linataja mahali, lakini linalolisema hasa ni daraja ambayo watu waliitaka na haki ambayo waliidai, na mwanahistoria mwangalifu hulipima kwa mizani hiyo kabla ya kulifanya ushahidi wa safari ya merikebu.

Sasa nirudi juu, kwenye baridi ya Kesses, maana hapa iko namna nyingine ya jina la mahali ambayo sikuikuta Cheshire wala pwani. Wanandi na ndugu zao wa Kikalenjin humwita mtoto kwa hali ya kuzaliwa kwake, wakitanguliza Kip au Ki kwa mvulana na Chep au Jep kwa msichana aghalabu. Na ingawa mengi ya majina hayo ni ya saa, kama Kipkoech wa mapambazuko na Kibet wa mchana, yako yaliyo ya mahali. Kipchoge ni aliyezaliwa karibu na ghala la nafaka. Kipketer ni aliyezaliwa barazani, chini ya upenu wa nyumba. Kipsang ni aliyezaliwa nje, uwanjani. Kipruto, na kwa msichana Jeruto, ni aliyezaliwa mama yake akiwa safarini au ugenini. Wala elimu hii haikukoma Wazungu walipoingia, kwa kuwa neno chumbindet, lililo jina la Mzungu, lilizaa Kipchumba, mtoto aliyezaliwa Wazungu wakiwapo, na baadaye aliyezaliwa hospitalini. Mahali papya palipotokea katika maisha ya watu, jina jipya lilipatikana.

Msomaji na aweke Barnes wa Kiingereza kando ya Kipchoge, aone jinsi mataifa mawili yasiyojuana yalivyolitazama ghala moja. Mwingereza alimwita mtu kwa ghala alilokaa nalo au kulifanyia kazi, akaona ya kuwa mahali hukamata maisha ya mtu mzima. Mnandi alimwita mtu kwa ghala lililoshuhudia pumzi yake ya kwanza, akaona ya kuwa mahali hukamata saa moja ambayo haitarudi tena. Kwa sababu hiyo jina la Mnandi halikurithiwa, wala halikuweza kurithiwa, kwa maana mtu hawezi kumwachia mwanawe saa ya kuzaliwa kwake mwenyewe. Alichomwachia ni nasaba, nayo ilikuwa na mlango wake wa peke yake: kijana alipokwisha kutoka jandoni aliitwa kwa arap, ambalo ndilo bin la Kikalenjin, pamoja na jina la baba lililovuliwa kiungo chake cha mbele, hata mwana wa Kipsang akawa arap Sang, na mwana wa Kipchoge akawa arap Choge. Na ardhi nayo iliitwa kwa watu kwa kiungo Kap, chenye maana ya kwa fulani au penye kitu fulani, tunachokisikia kila siku katika Kaptagat, Kapsabet na Kapseret, na ambacho kazi yake haiko mbali na ile ya mwisho wa neno Egerton. Mpango wote ulikuwa kamili: jina la kwanza lilishuhudia kuzaliwa, la pili lilishuhudia baba, na la tatu lilishuhudia makazi, na hakuna lililonyang'anya kazi ya mwenzake.

Ni nini, basi, kilichoufunga mpango huu, na ule wa Waingereza kabla yake? Jawabu ni moja kwa wote wawili, nalo ni daftari. Uingereza ilitoza kodi ya kichwa mwaka 1377, 1379 na 1381, na mtoza kodi hawezi kumfuata mtu ambaye jina lake linageuka kila kizazi. Mwaka 1413 ikatolewa sheria iliyotaka hati za mashtaka zitaje daraja au kazi ya mshtakiwa pamoja na mahali anapokaa. Na mwaka 1538 Thomas Cromwell aliamuru kila parokia iandike ubatizo, ndoa na maziko. Watu wa Wales, waliokuwa wakiitana kwa "ap", neno ambalo kwa sadfa tu linafanana na arap, nchi yao ilipounganishwa kisheria na Uingereza kati ya mwaka 1536 na 1543, walianza kuandikwa kwa kawaida ya makarani, na ap Rhys akawa Price, na ap Hywel akawa Powell, vizazi vyote vijavyo. Kwetu sisi daftari lilikuja na Sheria ya Kuandikisha Wenyeji ya mwaka 1915, ambayo ilianza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kila mwanamume Mwafrika aliyefikia miaka 16 akalazimika kubeba kipande ndani ya kikasha cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Misheni zikaongeza jina la ubatizo, shule zikataka jina la familia, na kile ambacho Waingereza walikifanya kwa karne tatu, sisi tulilazimishwa kukifanya katika maisha ya mtu mmoja.

Dalili iko wazi katika jina ambalo kila mtu wa Kesses analitaja, kwa kuwa limo katika chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1984 na ambacho makao yake makuu yako hapa kwetu. Baba yake Rais Daniel Toroitich arap Moi aliitwa Kimoi arap Chebii. Mwana wa Kimoi akawa arap Moi, kama ada ilivyotaka. Na kwa ada hiyo hiyo watoto wa Toroitich wangaliitwa kwa Toroitich. Hawakuitwa hivyo. Wanaitwa Moi, na wajukuu vilevile, kwa maana kati ya kizazi kimoja na cha pili daftari lilikuwa limekwisha funga mlango. Mageuzi yaliyomkuta Robert wa Cholmondeley yalitukia hivyo hivyo hapa, mbele ya macho ya watu ambao baadhi yao wangali hai.

Michezo imeyapeleka majina haya mbali kuliko merikebu yoyote ya pwani. Kipchoge Keino, aliyeshinda mbio za mita 1500 huko Mexico mwaka 1968, dunia ilimjua kwa Kipchoge kama jina lake la kwanza. Eliud Kipchoge, bingwa wa Olimpiki wa marathoni mwaka 2016, dunia inamjua kwa jina hilo hilo likiwa la mwisho. Wilson Kipketer, aliyekimbia kwa bendera ya Denmark na kuvunja mwaka 1997 rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 41.11, aliutia upenu wa nyumba ya Kinandi katika madaftari ya Ulaya. Ni fahari kubwa, nami naishiriki kwa moyo wote. Lakini leo yuko mtoto aliyezaliwa katika hospitali ya Eldoret, chini ya taa za umeme, aitwaye Kipsang kwa sababu babu yake alizaliwa uwanjani. Na mwenziwe aitwaye Kipchoge ambaye katika boma la kwao hakuna ghala. Jina limebaki zima, na ushahidi wake umeondoka, kama vile Barnes wa London asivyo na maghala na York wa Australia asivyoijua York.

Wako watakaosema ya kuwa hakuna hasara. Watahoji ya kuwa dola ya leo haiwezi kuendeshwa bila ya ubini uliothibiti, kwamba hati ya shamba, pasipoti, shahada ya shule na akaunti ya benki vinataka jina moja lisilogeuka, na kwamba mjane aliyekwenda mahakamani kudai urithi akiwa na majina matatu yasiyolingana katika hati tatu ameona taabu ambayo kuisifu mila hakuwezi kuipunguza. Hoja hiyo ni ya haki nami naikubali. Sitaki turudi nyuma, wala sioni ubaya wa mtoto kuitwa kwa ubini wa babu yake. Ninachokataa ni dhana ya kuwa jina likikwisha thibiti limekwisha jieleza. Yaliyopita hapo juu yameonyesha kinyume chake: Egerton lilibebwa na akina Tatton, Shirazi lilibebwa na wazaliwa wa pwani, Bombay lilibebwa na Myao, na Delamere likasimama katika bonde la Wamaasai, na katika kila mojawapo, mtu aliyeliamini jina bila ya kuitafuta habari yake angeongopewa. Jina la mahali ni shahidi mzuri akiwa na mwenzake, na mwenzake huyo ni masimulizi ya jinsi lilivyopatikana.

Waingereza waliyapoteza masimulizi hayo kwa wingi. Katika karne ya 14 kalamu ilikuwa mikononi mwa mtoza kodi na mtawa, na mkulima aliyeitwa Underhill hakuulizwa ni kilima kipi. Ndiyo maana wazao wao wamelazimika kuunda elimu nzima ya kuokota vipande, wakaanzisha mwaka 1923 chama cha kuchunguza majina ya mahali, jimbo kwa jimbo, wakilinganisha herufi za hati za kodi na za mahakama ili wakisie kile ambacho bibi mmoja wa kijijini angaliweza kuwaambia katika jioni moja. Kazi yao ni ya kusifiwa, lakini ni tiba ya maradhi ambayo sisi hatujaugua bado.

Kwetu bibi huyo bado yuko. Katika maboma ya Kesses, Cheptiret, Tarakwa na Ainabkoi wangali wazee waliowajua kwa sura watu wa kwanza walioandikwa kwa ubini ambao wajukuu wanautumia leo, nao waweza kusema ni ghala lipi, ni safari ipi, na ni uwanja wa nani. Kwa hiyo nashauri mambo matatu, nayo hayahitaji fedha ya serikali. La kwanza, kila familia iandike katika daftari lake jina la yule wa kwanza aliyeubeba ubini wake, mahali alipozaliwa, na sababu ya kuitwa hivyo, pamoja na jina la kale la mahali hapo kabla ya shamba kupewa nambari. La pili, wazazi wasiache kumpa mtoto jina la kuzaliwa kwake mwenyewe, likae kati ya jina la dini na ubini, ili Kipsang wa leo awe pia na jina linaloisema kweli ya siku yake. Mtoto wa hospitalini ana haki ya Kipchumba wake kama babu alivyokuwa na haki ya uwanja wake. La tatu, walimu wa shule zetu na wanachuo wa Moi, ambao wanaishi katikati ya hazina hii, wayakusanye masimulizi hayo kwa Kikalenjin kwanza, kama yalivyosemwa na wenyewe, kisha kwa Kiswahili ili watu wa nchi nzima wanufaike nayo.

Daftari la mkoloni liliandika majina yetu bila ya kuuliza maana yake, kwa kuwa haja yake ilikuwa kodi na vibarua. Daftari la familia laweza kuuliza, na linaye wa kumwuliza, ila mashahidi hao wanapungua mwaka hata mwaka, na hakuna sheria wala chuo kitakachoweza kuwarudisha. Anayesoma maneno haya na ambaye bado ana babu au bibi, na aende kwake kabla ya mvua za masika kuanza, akiwa na kalamu.